Chapa ya Mustaf

Mjane aliongea akiwa nyuma ya pazia, na Boru, ambaye kwa miaka kumi na tisa ya upolisi alizoea kumtazama mtu machoni anapomhoji, siku hiyo alilazimika kuyahoji maua. Pazia lilikuwa la maua mekundu. Nyuma yake aliketi Nafiso, mke wa marehemu mwalimu Mowlid, aliyeanza kukaa eda jana yake. Kando yake alikuwa shangazi wa marehemu, ambaye hakusema neno, ila kila baada ya swali alikohoa ili mgeni ajue kwamba anasikilizwa.

“Wanasema mume wangu aliteleza kisimani,” Nafiso alisema. “Wewe unasema nini?”

“Mimi bado nauliza tu, abaayo, dada yangu.”

“Haya, uliza. Yeye pia aliuliza.”

Boru alipangusa paji la uso. Alikuwa anaogopa, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba ni joto la Tarbaj. Shangazi alikohoa.

Wiki tatu nyuma kazi hii ilikuwa raha tupu. Boru alikuwa amestaafu mapema, amekodi chumba kimoja mjini Garissa, juu ya duka la simu, na kubandika mlangoni karatasi iliyosema Uchunguzi wa Kibinafsi. Wateja wake wengi walikuwa wake waliotaka kujua mume yuko wapi, na jibu kwa kawaida lilikuwa Eastleigh, Nairobi. Kisha akapiga simu mama mmoja kutoka Baltimore, Marekani, Bi. Lorraine Mustaf, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Alitaka kujua babu yake alikuwa mtoto wa nani kabla hajawa Mmarekani. Babu alifariki kitandani mwaka 1961 bila kusema, na mama huyu naye hakutaka kufa bila kujua.

Alichokuwa nacho ni karatasi moja, fomu ya kazi ya melini ya Oktoba 1919. Karani aliandika: Mustaf, mfugaji, bara ya Kismayu. Mustaf hakujua kuandika, kwa hiyo mahali pa sahihi alichora kialama cha wino. Kilikuwa mstari wa wima wenye ndoana chini, inayopinda kushoto, na juu ya mstari nukta mbili. Boru alikizungusha kialama hicho Garissa yote na hakuna aliyekitambua. Ndipo akampelekea nakala mwalimu Mowlid wa Tarbaj, aliyefundisha historia na kukusanya mambo ya kale katika madaftari. Alhamisi alasiri Mowlid akapiga simu, furaha imemjaa.

“Nimeipata! Ni chapa ya ngamia. Njoo Tarbaj, Boru. Jambo hili si la simu.”

Boru alifika Ijumaa adhuhuri na kumkuta mwalimu anaoshwa.

“Hiyo karatasi alimwonyesha nani?” aliliuliza pazia sasa.

“Wawili tu. Jumatano alimwonyesha Warfa, huyu mwenye pikapu za kwenda Elwak. Alhamisi asubuhi akaenda Wajir kwa Haji Korane. Akarudi na furaha yake, akakupigia wewe.”

“Halafu?”

“Halafu magharibi mtu akamwita nje. Sauti ya mwanamume. Ilimwita kwa heshima, ‘mwalimu, mwalimu.’ Akachukua mkongojo akatoka. Mume wangu alipata polio utotoni. Kisima hakisogelei. Maji tunaletewa na punda. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijamwona akisimama ukingoni mwa kisima hata mara moja.”

Chini ya pazia ukatokea mkono, ukasukuma daftari la shule hadi kwenye kiatu cha Boru. Alilifungua. Kurasa zilijaa chapa za ngamia zilizochorwa kwa kalamu ya bluu, kila moja na jina la mwenyewe pembeni. Ukurasa mmoja wa katikati ulikuwa umenyofolewa.

“Daftari alikuwa nalo?”

“Lilikuwa kwenye shati lake walipomtoa. Huyo mtu hakuchukua simu, hakuchukua saa. Alichukua karatasi. Na wewe unayo nyingine mfukoni, sivyo?”

Safari hii hata shangazi hakukohoa.

*

Visima vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha Haji Korane, kimejengewa saruji na kimejaa maji, na ngamia wapatao arobaini walikuwa wakinywa kwenye hori. Boru alihesabu hatua kutoka hapo hadi cha pili, kilichokauka tangu ukame uliopita. Zilikuwa sitini na tatu. Humo ndimo mwalimu alimokutwa, shingo imevunjika.

Alisimama pale akijikaza kisabuni, akafanya alichofundishwa: kuihoji njia yenyewe. Kutoka nyumbani kwa Mowlid unakutana kwanza na kisima chenye maji. Mtu mwenye mkongojo, kiza kimeanza kuingia, akiteleza, atateleza hapo. Hawezi kukipita, akatembea hatua sitini na tatu zaidi, ndipo ateleze kwenye kikavu. Basi alipitishwa akiwa amebebwa. Na aliyembeba, akiwa na maiti mikononi na haraka kifuani, alikipita kisima cha karibu na kuhangaika hadi cha mbali. Kwa nini?

Boru alijua jibu bila kulitafuta. Yeye ni Mborana. Alilelewa katika laini za polisi za Wajir, zile nyumba za askari, baba yake akiwa koplo, lakini hata mtoto wa laini anajua kwamba maji hayachafuliwi. Muuaji alikihurumia kisima. Kwa hiyo ni mtu anayekunywa humo, au mifugo yake.

Simu yake ikalia. Namba hakuijua. Kwanza alisikia kengele za mbao za ngamia tu, kisha pumzi ya mtu.

“Boru. Mguu yako ni mzima?”

“Nani mwenzangu?”

“Nauliza mguu. Mzima?”

“Mzima,” Boru alijibu, na akajichukia kwa kujibu.

“Basi tumia kurudi Garissa.”

Alitazama huku na huku. Ngamia waliendelea kunywa, na wachungaji wawili walikuwa wakimtazama kama wanavyomtazama mgeni yeyote. Alitamani sana kurudi Garissa. Lakini gari la pekee lililokuwa likiondoka Tarbaj saa hiyo lilikuwa la Warfa.

*

Warfa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani ya jua na meno mazuri, na pikapu aliiendesha kama ameiiba. Alikuwa akienda Wajir kuchukua unga. Boru alikaa kando yake, mkono kwenye kishikio cha mlango, akajiambia kuwa mshukiwa aliye karibu ni afadhali kuliko aliye nyuma. Haikumsaidia sana.

“Mwalimu alikuonyesha karatasi,” alisema walipoacha nyumba za mwisho.

“Alinionyesha. Nikamwambia siijui, boss. Mimi ni mtu wa gari.”

Boru alimpa nakala yake. Warfa aliishika juu ya usukani kama alivyopewa, akaitupia jicho moja, jicho lingine barabarani.

“Mkono wa mwavuli,” alisema na kuirudisha. “Ndivyo nilimwambia hata yeye. Chapa za ngamia uliza wazee.”

“Nitamuuliza Haji Korane.”

Meno mazuri yakafichika. “Huyo muulize wewe. Sisi hatuongei na yeye. Kisima yake hatukunywi. Tangu mwaka wa homa, ile 1918.”

“Mlikosana nini?”

“Wewe mtoto wa Wajir na hujui?” Warfa alicheka bila furaha. “Kisima ilikuwa yetu. Babu ya baba yangu alichimba na mikono yake. Halafu kijana mmoja wa kwao akapotea. Shuka yake ikapatikana kisimani kwetu, na damu. Wakasema tumemuua. Babu aliapa kwa Mungu hajui. Wakamchinja hapohapo kisimani, watoto wake wanaona, na ili mambo yaishe wazee wakawapa hao kisima pia. Mimi nilifundishwa hiyo hadithi kabla sijafundishwa kusoma. Kijana aliitwa Mustaf. Mustaf Hamze.”

Boru aligeuka kumtazama. Lakini akina Mustaf ni wengi kaskazini kote, na huyu alikufa mwaka 1918. Wa Baltimore alitia sahihi Oktoba 1919. Aliyekufa hatii sahihi.

“Mwalimu Mowlid,” alisema polepole, “ungekuwa wewe ndiye uliyemuua, ungemtupa wapi?”

Lilikuwa swali la kijinga kumuuliza mtu ukiwa ndani ya gari lake. Warfa aliondoa mguu kwenye mafuta. Pikapu ikapunguza mwendo, ikatoka barabarani, ikasimama katikati ya vichaka visivyo na mtu wala mbuzi. Akazima injini, akavua miwani.

“Mimi?” alisema. “Kisima ya Korane, wallahi. Ile yenye maji. Ngamia wake wote wakunywe mwalimu mwezi mzima.”

Akafungua mlango, akaingiza mkono nyuma ya kiti. Boru alifumba macho. Alipoyafumbua, Warfa alikuwa amebeba dumu la maji na mkeka.

“Adhuhuri inapita, boss. Wewe huswali?”

Boru aliswali pembeni yake, na hakumbuki swala nyingine aliyoiswali kwa dhati kama ile.

*

Soko la mifugo la Wajir lilikuwa limechangamka. Madalali walipatana bei mikono ikiwa imefichwa chini ya shuka, wakiminyana vidole bila kutaja neno. Akina mama walipanga madumu ya maziwa ya ngamia kivulini. Lori jeupe la kwenda Nairobi lilikuwa likipakia mbuzi. Warfa aliegesha mbele ya ghala la unga, ng'ambo ya uwanja, na Boru akavuka peke yake.

Haji Korane aliketi chini ya kibanda cha mabati, mzee wa miaka sabini aliyenyooka, ndevu zimetiwa hina. Nyuma yake walikaa vijana wawili wenye fimbo za kuchungia. Alimkaribisha Boru kwa mikono miwili na kumwagiza chai ya maziwa ya ngamia. Boru alipokea kikombe, akanywa kidogo.

“Nakujua,” Korane alisema. “Wewe ni mtoto ya koplo. Wewe bolisi.”

“Nilikuwa, Haji. Nimestaafu.”

“Ah. Basi wewe si bolisi tena.” Alionekana kuridhika. “Mwalimu alikufa. Inna lillahi. Alikuwa hapa Alhamisi, alikaa hapo ulikaa wewe.”

“Alikuonyesha karatasi.”

“Alisema ana kitu ya kuonyesha. Watu walikuwa wengi, mimi sikuona. Akaenda.”

“Basi naomba uione sasa.”

Boru alimpa karatasi. Alimpa kama ilivyotoka Baltimore, maandishi ya karani yakiwa yamesimama sawa, ndoana chini, nukta juu.

Korane aliipokea. Kabla hajaitazama vizuri, kabla hajavaa hata miwani iliyoning'inia kifuani, vidole vyake viliigeuza karatasi nusu duara. Maandishi yakawa miguu juu. Ndoana ikaenda juu ikipinda kulia, na nukta mbili zikatulia chini yake. Ndipo akaitazama.

“Hapana,” alisema. “Hii sijui. Si ya huku.”

Garissa nzima iliitazama karatasi ile kama ilivyopewa. Warfa aliitazama kama alivyopewa. Mkono wa huyu mzee peke yake ndio uliojua juu ni wapi, kwa sababu ulikuwa umewahi kuiona chapa hii, na hakuna mtu anayeitazama chapa ya ukoo wake kichwa chini. Na papo hapo Boru akaiona ofisi ya bandarini ya mwaka 1919. Karani ameketi upande mmoja wa meza, Mustaf amesimama upande wa pili, na fomu haikugeuzwa. Kijana alichora kwa upande wake. Kwa miaka mia na zaidi watu wa Baltimore wamekuwa wakimsoma babu yao kichwa chini.

Chapa ya ukoo wa Korane. Mustaf wa ukoo wa Korane. Si Mustaf wawili. Ni mmoja, na mwaka mmoja baada ya kuuawa alikuwa hai, ananuka chumvi, anatafuta kazi melini. Mchimbaji wa kisima alichinjwa kwa kosa ambalo halikutendeka, na kisima kilitolewa bure. Mowlid alilijua hilo Alhamisi asubuhi, akiwa ameketi mahali hapahapa, akiutazama mkono huuhuu.

Boru alichelewa kuyaondoa macho yake kwenye vidole vya mzee. Korane naye akavitazama vidole vyake, kisha karatasi iliyogeuka, kisha Boru. Walielewana.

“Karatasi nitakaa nayo,” Korane alisema kwa upole, akiikunja. “Wewe maliza chai. Hawa vijana watakusindikiza mpaka kwa gari. Mguu yako si ni mzima?”

Vijana wawili wakainuka.

Boru aliweka kikombe chini na kuondoka. Hakukimbia, kwa kuwa anayekimbia sokoni huitwa mwizi na hupigwa bila maswali. Nyuma yake alisikia viatu viwili viwili vikienda mwendo wake. Ghala la unga lilikuwa mbali, na hata akifika, kati ya Wajir na Garissa kuna barabara ndefu yenye vichaka vingi. Alijiuliza swali moja tu: kwa nini Mowlid alikufa, naye Haji akabaki na amani ya kunywa chai?

Jambo hili si la simu. Ndiyo maana. Mwalimu aliliweka jambo kifuani, na kifua kimoja kinazibika. Hata sasa lilikuwa katika vifua viwili tu, cha Korane na cha kwake.

Kando ya lori jeupe dalali mmoja alikuwa akiwapaka mbuzi waliouzwa rangi nyekundu mgongoni. Boru alimnyang'anya mkebe na brashi. Dalali alipiga kelele. Boru akaugeukia ubavu wa lori na kuchora mstari mrefu kuliko yeye mwenyewe, ndoana juu inayopinda kulia, na nukta mbili kubwa chini yake. Rangi ilichuruzika hadi kwenye tairi.

“Wazee!” alipaza sauti, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. “Akina mama! Hii ni ya nani?”

Madalali walichomoa mikono chini ya shuka. Watu wakaanza kukusanyika, kwanza kwa ajili ya kelele za mwenye mkebe, kisha kwa ajili ya chapa. Wale vijana wawili walikuwa hatua tano tu kutoka kwake. Wakasimama, wakatazama nyuma kibandani, kutafuta amri.

Mama mmoja mzee aliacha madumu yake ya maziwa na kusogea. Alikuwa Sahro, ambaye soko zima lilimwita eedo, shangazi. Alifuata mstari kwa kidole bila kuugusa.

“Iko kwa chombo ya maziwa ya mama yangu,” alisema. “Hii ni ya ngamia wa Mustaf Hamze, ndugu ya babu ya Haji. Alipouawa waliacha kuipiga. Nani amekupa chapa ya maiti, wewe?”

“Hakuuawa, eedo.” Boru alizungumza kwa sauti ya kumfikia kila mtu, kwa sababu kila sikio lilikuwa ngao. “Alitoroka, akapanda meli. Chapa hii aliichora mwenyewe kwenye karatasi, Oktoba 1919. Mwalimu Mowlid aliijua, akamwambia Haji Korane Alhamisi asubuhi. Mustaf Hamze alikufa Marekani, mwaka 1961. Alikufa kitandani, amezeeka, na wajukuu wake wako hai.”

Vijana wenye fimbo walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, wakachanganyika na watu. Boru alishusha pumzi. Hawangeweza kumgusa tena, si mbele ya macho haya yote, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alihisi miguu yake kuwa ni yake.

Kisha umati ukapasuka upande wa ghala. Warfa alikuwa akija, mabega meupe kwa unga, miwani mkononi. Alimpita Boru bila kumwona. Alisimama mbele ya chapa, akaitazama kwa muda mrefu, sasa ikiwa imesimama sawasawa. Uso wake haukuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililomrudishia Boru hofu yote, tena na ziada yake.

“Kitandani?” Warfa aliuliza.

Nyuma yake wanaume wengine wa kwao walikuwa wakiacha magunia na kusogea, mmoja baada ya mwingine, bila kuitwa. Boru alitazama kibandani. Haji Korane alikuwa amesimama peke yake, karatasi ya Baltimore bado mkononi, na kikombe cha mgeni kimemwagika miguuni pake.

“Boru,” aliita. “Njoo hapa. Simama karibu na mimi. Wewe ni bolisi.”